Visima vya Kigogo vimetokea Hispania: nimekosea wapi kwenye QGIS (programu ya kutengeneza ramani)?

MhudumuKigogo: Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kigogo, Dar. Kila masika Mto Msimbazi ukifurika, maji ya vyooni yanaingia visimani, na kipindupindu tunakijua. Nimezunguka siku nne na simu, nimeandika koordineti za visima 46 kwenye Excel pamoja na majina ya wenye nyumba. Nataka kumwonyesha mtendaji wa kata vilivyo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nimeingiza faili, visima vyote vimetua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno!

FundiRamani: Marahaba, na hongera kwa kazi. Umegeuza kolamu. X ni longitudo, 39.2, Y ni latitudo, -6.8. Alama ya kutoa usiidondoshe, utajikuta Ethiopia. Mfumo wa koordineti chagua EPSG:4326, ndio wa GPS ya simu.

MhudumuKigogo: Vimerudi nyumbani, nimefurahi mno! Mto nao nichore mwenyewe? Halafu nimejaribu bafa (duara la kuzunguka kila kisima) ya 60 kwenye visima, rangi imefunika nusu ya dunia.

FundiRamani: 4326 inapima kwa nyuzi, na nyuzi moja huku kwetu ni kama kilomita 111. Hifadhi tabaka upya kwa EPSG:32737, yaani mfumo wa mita uitwao UTM, kanda ya 37 Kusini. Hapo 60 ni mita. Mto usichore, uvute kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa programu-jalizi ya QuickOSM, kisha uuhifadhi kwa 32737 vilevile. Tangu 2015 wanafunzi na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria wamechora kata nyingi za Dar, hadi mitaro.

MamaRamani_Msa: Mwanangu, angalia jambo moja. Mto ukichorwa kama mstari, mstari huo hupita katikati ya maji, na wewe unataka kupima kutoka ukingoni. Msimbazi nao hula kingo zake. Tembea ukingoni na simu, uchore ukingo wa leo. Simu yenyewe hukosea mita kadhaa, kwa hivyo kisima kinachosoma 57 au 63 kipime kwa futi kamba. Na majina ya watu yaondoe kwenye ramani kabla hujaipeleka popote.

MhudumuKigogo: Asante mama, majina nimeshayafuta. Vilivyo ndani ni 11, vitatu viko pale pale kwenye 60. Kesho asubuhi naenda na futi kamba.