Kusema “aks” badala ya “ask”: kosa la nani?

Mleta mada
Wakuu, jana tulikuwa kwenye kikao cha mtandaoni. Mwenzetu mmoja, Mjamaika, akaanza: “Let me aks you something.” Kuna aliyesahau kuzima maiki. Kikasikika kicheko, halafu “aks, aks” ikaigizwa kwa sauti ya puani. Jamaa akanyamaza kidogo, kisha akasema swali lake atalituma kwa maandishi.

Jambo hilo lilinikera nikaenda kuchimba. Kumbe matamshi yaliyochekwa yana umri sawa na ya aliyecheka. Kiingereza cha kale, miaka elfu na ushei iliyopita, kilikuwa na sura zote mbili za kitenzi hiki, āscian na ācsian. Mshairi wa Kiingereza Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika axe, inayotamkwa aks. Biblia nzima ya kwanza kupigwa chapa kwa Kiingereza, ile ya Coverdale ya 1535, mstari wa Mathayo 7:7 unaanza na “Axe”. Ask ilikuwa zaidi ya watu wa kaskazini mwa Uingereza. Hadi karibu mwaka 1600 axe ndiyo iliyokuwa sura ya kawaida ya waandishi, kisha ask ikatwaa kiti. Biblia ya Mfalme James ya 1611 tayari inasema “Ask”. Waingereza waliohamia Barbados 1627 na kuitwaa Jamaika 1655 walikwenda na lahaja za makwao, aks ikiwa humo humo. Sasa anayesema hivyo leo amekosea nini? Naomba hoja, si matusi.

Mbishi
Historia tamu, mkuu, ila axe ni shoka. Mtu akikwambia “I want to axe you” hutoki mbio?

Mleta mada
Paa amepaa juu ya paa. Umetoka mbio? Masikio yako yametenganisha mnyama, kitendo na nyumba bila msaada wa mtu. Hata Mwingereza anayo hayo masikio.

Mwalimu
Tusidanganyane. Nafundisha Kiingereza, na mwanafunzi akiniandikia aks kwenye insha nakata maksi, na kesho nitakata tena. Ukongwe si hoja. Thou, yaani “wewe”, nayo ni ya zamani na aliitumia Shakespeare. Kamwambie bosi wako “thou” uone. Lugha sanifu ni makubaliano ya leo, si ya mwaka 1535. Mnaotetea aks mna ajira zenu tayari. Mtoto ninayemfundisha ataingia kwenye usaili, na anayemhoji hatakuwa amemsoma Chaucer. Kumwacha aseme apendavyo ni kumtupa.

Mpita njia
Mwalimu, bird unaiandikaje ubaoni? Ilikuwa brid. Third ilikuwa na r mbele ya irabu, kama three ilivyo mpaka leo. Wasp nayo ilikuwa na sura mbili, moja p ikiwa mbele ya s. Sauti mbili jirani kubadilishana nafasi ni mambo ya kila siku katika ndimi za watu. Unazifundisha zilizopinduka bila kukohoa, unakuja kukaba koo kwa hii moja. Bird wanaisema wakubwa, aks wanaisema watu weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi, pamoja na Waingereza wa mitaa ya chini. Nakuomba tu uniambie tofauti nyingine ni ipi.

Mwalimu
Tofauti ni kwamba bird imeshinda, aks imeshindwa. Sikusema ni haki. Nimesema ndivyo ilivyo.

Mfasiri
Nafurahi Mwalimu amelitamka hilo, maana sasa tunajadili ushindi, si usahihi. Nami niongeze upande wa maana, ndio unaonitesa kazini. Ask moja ya Kiingereza sisi tuna vitenzi viwili, kuuliza na kuomba. Nikipewa sentensi “She asked him to leave”, lazima niamue: alimwomba aondoke, au alimwambia aondoke kwa adabu ya uongo? Na kuna “ask” isiyo na swali wala ombi: “asking price” ni bei anayoitaka muuzaji.

Kinachochekesha ni kwamba Kiingereza nacho kilikuwa na viwili. Injili za Kiingereza cha kale, mstari huo huo wa Mathayo, hazikutumia ask wala axe. Zilitumia biddan, kitenzi cha kuomba na kusali, ambacho leo kimebaki ndani ya bid. Wajerumani, ndugu zao, hawakuupoteza mpaka huo: fragen ni kuuliza, bitten ni kuomba. Kiingereza kikaacha ask imeze kazi zote mbili. Pengine ni kwa sababu ya asili yake, kwani inatoka ukoo mmoja na iskat ya Kirusi, yaani kutafuta. Anayetafuta habari huuliza, anayetafuta kitu huomba. Kwa hiyo kama ni kutafuta uharibifu katika kitenzi hiki, mimi ningeanzia hapo, kwenye swali na ombi kuvalishwa shati moja. Hilo halikumchekesha mtu. S na k kupishana mlangoni ndiyo imekuwa kesi.

Mbishi
Mfasiri umenimaliza. Shoka nimelitua. Ila hoja ya usaili ya Mwalimu bado imesimama.

Mleta mada
Imesimama kwa mguu mmoja. Mwaka 1999 wanaisimu Purnell, Idsardi na Baugh walichapisha majaribio yaliyofanyika eneo la San Francisco. Baugh mwenyewe, anayemudu lafudhi tatu, alipiga simu kwa wenye nyumba za kupanga akitamka sentensi ile ile: mara kama Mmarekani mweusi, mara kama mwenye asili ya Meksiko, mara kama mzungu. Kwenye mitaa ya wazungu, sauti mbili za kwanza zilipewa miadi michache zaidi. Maneno yalikuwa yale yale, Mwalimu. Hapakuwa na aks ya kusahihisha. Ukimfunza mtoto ask na akaiweza vizuri, bado atasikika alikotoka, na anayetaka kumkata atapata pengine pa kukata.

Kwenye maandishi sina ugomvi nawe. Kata maksi.

Halafu, ujumbe wa yule Mjamaika umeingia leo asubuhi. Mistari mitatu. Wa kwanza unasema “I wanted to ask”, a, s, k, bila hitilafu. Anauliza kwa nini tarehe ya kukabidhi kazi imesogezwa mbele bila yeye kuambiwa. Mpaka naandika hapa, saa kumi jioni, hakuna aliyemjibu.