Msaada: wafanyakazi wa zahanati yangu wamepoa na mshahara siwezi kupandisha kwa sasa

Tabibu wa Moro
Wakuu habari za jumapili. Nina zahanati ndogo hapa Morogoro, mimi ni tabibu, nina manesi watatu, kijana wa maabara, dada wa mapokezi na mama wa usafi. Mshahara unatoka kwa wakati ila kuongeza mwaka huu haiwezekani, hela ya bima inachelewa kuingia na vitendanishi (dawa za kupimia maabara) vimepanda bei. Shida watu wamepoa. Nesi anaingia saa mbili na nusu wakati wagonjwa wako kwenye benchi tangu saa moja, maabara anatoa majibu ya malaria kwa kujikokota, ukiuliza unajibiwa "sawa bosi" basi imeisha hiyo. Wote wana akaunti Ajira Portal wanasubiri serikali iwaite. Nilifikiria kuchinja mbuzi kila mwisho wa mwezi, au kuweka picha ya mfanyakazi bora ukutani. Nyie mliofanya kazi sehemu ndogo ndogo hizi, nini kinamfanya mtu aipende kazi zaidi ya hela?

Kibopa_Jr
Mbuzi tutakula mkuu, na jumatatu tutachelewa vilevile 😂

Sista Nuru
Mimi ni nesi, nimekaa private miaka kadhaa kabla ya kuingia serikalini na kilichoniondoa wala sio mshahara maana tofauti ilikuwa kiduchu. Ni ratiba. Unatumiwa meseji whatsapp saa tatu usiku eti kesho unaingia zamu ya usiku, nyumbani una mtoto mdogo na dada wa kazi kaomba ruhusa, ukisema huwezi unaonekana una dharau. Halafu kuna siku nilikuwa natafuta mshipa kwa mtoto aliyeharisha akaishiwa maji, waliowahi kufanya hiyo kazi wanajua vile vimishipa vinavyolala havionekani kabisa, daktari akaninyang'anya kanula mbele ya mama mtu akasema "hawa wa siku hizi sijui wanasomea wapi". Yule mama hakunisikiliza tena mpaka wanaruhusiwa, hata nikimwelekeza namna ya kumpa ORS anageuka kumwangalia daktari. Tangu hapo nikawa nafanya kilichoandikwa tu, sio zaidi.
Toa ratiba ya mwezi mzima mapema, waache wabadilishane zamu wenyewe ili mradi waandike kwenye daftari, na mtu akikosea mwite chemba.

Mzee wa Mikataba
Kabla hujafika kwenye motisha angalia haki zao zimekaaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema likizo ya mwaka siku 28, kazi saa 45 kwa wiki, ikizidi ovataimu ni mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kuna nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. NSSF je inapelekwa? Siku hizi mtu anaangalia michango yake kwenye simu akiwa kwenye daladala, akikuta pengo hiyo mbuzi yako anaila kwa hasira.

Tabibu wa Moro
NSSF inaenda mzee, na nyongeza ya usiku ipo maana tunafunga saa 4. Sista hilo la ratiba nimelichukua.

Lensi100
Huyo wa maabara kabla hujamwita mvivu nenda kachungulie hadubini yake. Mimi nimefanyia kazi sehemu lenzi ya mafuta ina ukungu, slaidi moja unaikodolea macho mpaka kichwa kinauma, nikiomba fundi naambiwa tuvumilie, mwisho nikaacha kuomba. Muulize kila mmoja kitu gani kinamkwamisha, kisha tengeneza kimoja ndani ya wiki hiyo hiyo waone. Na leseni zetu ili zihuishwe zinataka pointi za CPD, yaani mafunzo ya kujiendeleza kitaaluma, ukimpa mtu ruhusa ya siku mbili aende mafunzo bila kumkata hela atakukumbuka. Picha ya mfanyakazi bora achana nayo, mko watu wachache, ukimtundika mmoja ukutani wengine wote umewanunisha.

Kibopa_Jr
Asome kwa muda wako halafu aitwe serikalini aondoke, hasara kwa nani?

Lensi100
Ataondoka hata asiposoma. Bora huo muda aliopo kwako awe anaijua kazi.

Sista Nuru
Halafu wanaofunga saa 4 usiku wanarudije nyumbani? Ongea na bodaboda mmoja anayeaminika awe anawapeleka. Sio hela nyingi, na mume wa mtu ataacha kupiga simu kila dakika kuuliza uko wapi.

Tabibu wa Moro
Dah, hilo la boda sikuliwazia kabisa. Ratiba ya mwezi ujao naibandika ijumaa. Sasa dada wa mapokezi hana leseni wala CPD, yeye nimfanyie nini?

Mzee wa Mikataba
Mpe mamlaka ya foleni. Mtoto akija anachemka amwingize kwanza bila kukuuliza, mgonjwa akilalamika wewe unasimama na dada. Na shemeji yako akija naye akae kwenye benchi, usimpitishe mlango wa nyuma.

Tabibu wa Moro
Mzee shemeji umemjulia wapi 😂 haya, kesho nakaa na dada.