Naomba ushauri: mzee wangu ana kisukari, mguu umekuwa wa baridi na kidonda hakiponi

Habari zenu wakuu.

Mzee wangu ana miaka 63, huu ni mwaka wa 14 na kisukari, anatumia metformin. Siku hizi akitembea kama mita 100 tu, nyama za nyuma ya mguu chini ya goti zinambana mpaka asimame. Akipumzika kidogo zinaachia. Mguu wa kushoto ni wa baridi kuliko wa kulia, na kidole gumba kina kidonda cha kandambili, wiki ya tatu sasa. Eti hakimuumi! Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Hospitali walipima presha ya kifundo cha mguu wakalinganisha na ya mkono, ikatoka 0.6. Daktari akasema damu haishuki vizuri, mishipa imesinyaa. Kapewa aspirini na atovastatini (dawa ya kushusha mafuta kwenye damu), akaambiwa sigara basi. Hapo ndipo ugomvi ulipo, sasa anavutia nyuma ya banda la kuku.

Bibi naye anataka miguu iloweshwe maji ya moto yenye chumvi. Nimekataa, mwenye ganzi anaungua bila kujua. Mimi kila jioni nakagua nyayo kwa tochi ya simu na kukausha katikati ya vidole.

Waliouguza hali hii: mshipa wa mguu ulizibuliwa, au dawa zilitosha? Bima ililipa? Mazoezi ya kutembea aanze sasa au kidonda kipone kwanza? Na sigara, mlimwachishaje mzee mbishi?