Mwajiri mmoja akilipa mshahara unaokidhi maisha, umaskini wa eneo utapungua?

Swali
Ndugu zangu, nasimamia wafanyakazi wa kampuni ya usafi katika eneo ambalo ni maskini kuliko maeneo jirani. Tunalipa kima cha chini kilichowekwa na sheria, lakini watu wanaofanya kazi siku sita kwa wiki wanaanza kukopa kabla ya mwezi kufika katikati, jambo linaloniumiza sana. Nimependekeza tulipe mshahara unaokidhi maisha, nikajibiwa kwamba kampuni moja haiwezi kuliinua eneo zima na kwamba tutanyimwa zabuni. Je, hoja hizo zina uzito?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, hoja ya kwanza haina uzito mkubwa. Mtu wa kipato kidogo hutumia karibu nyongeza yote anayopata, na huitumia pale pale anapoishi, kwa fundi, kwa muuza duka na kwa mwenye nyumba, ilhali faida ya mwenye hisa anayeishi mbali huondoka katika eneo hilo.

Ujerumani ilipoanzisha kima cha chini cha taifa mwaka 2015, euro 8.50 kwa saa, wengi waliogopa kwamba mikoa yenye mishahara midogo, hasa ya mashariki, ingepoteza ajira nyingi. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba mishahara ya chini ilipanda bila ajira kwa jumla kupungua, na baadhi ya wafanyakazi walihamia kwenye kampuni zinazolipa vizuri zaidi.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila kima kile kilikuwa sheria iliyowabana washindani wote, kwa hiyo hofu ya zabuni ni ya kweli na isipuuzwe. Katika usafi na ulinzi, anayeamua mshahara hasa ni mteja anayechagua bei ya chini kabisa. Ndiyo maana kampeni ya kudai mshahara unaokidhi maisha iliyoanza mashariki mwa London mwaka 2001 haikuishia kwa wakandarasi, bali ilizikabili benki na hospitali zilizonunua huduma hizo. Hadi leo, mwajiri wa Uingereza anayetaka kutambuliwa na mpango wa hiari uliotokana na kampeni hiyo hana budi kuwajumuisha pia wafanyakazi wa wakandarasi wanaomhudumia mara kwa mara.

Jibu la tatu
Naomba saa za kazi zisisahauliwe. Shirika la Kazi Duniani, katika maelezo yaliyoidhinishwa mwaka 2024, linasema mshahara unaokidhi maisha unapaswa kumwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi maisha yenye staha kwa kazi iliyofanywa ndani ya saa za kawaida. Mkipandisha malipo ya saa kisha mkapunguza saa, mtakuwa mmewarudisha watu kwenye mikopo ile ile.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Mkataba wetu mkubwa unakaribia kuhuishwa, basi nitawaomba wakurugenzi tumweleze mteja gharama halisi ya mshahara huo, pamoja na idadi ya saa ambayo hatutaipunguza, kabla hatujaandika bei.