Naomba ushauri: sehemu ya data niiweke mfumo wa faili wa NTFS au exFAT?
Wakuu, habari zenu. Nataka kuigawa upya diski yangu ya TB 1, Windows ikae kwenye NTFS na Linux kwenye ext4. Hapo sina tatizo. Kinachoninyima usingizi ni sehemu ya tatu, ya picha na video, itakayotumiwa na zote mbili.

FAT32 nimeitoa, faili likifika GB 4 linakataa. exFAT naipenda, ila haina jono (journal, kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia kurekebisha mfumo wa faili baada ya kuzima ghafla), na juzi tu kompyuta ilizima ghafla nikiwa nanakili, folda ya picha za mwanangu ikagoma kufunguka. Iliniuma sana. NTFS inayo jono, lakini Windows ikizimwa bila kuondoa ule uwashaji wa haraka (Fast Startup, ambapo Windows haizimiki kabisa), Linux mara nyingi inaishia kusoma tu sehemu hiyo bila kuandika.

Mliotumia muda mrefu, mmetulia na ipi?