Fundi mitambo anayepelekwa Marekani kwa viza ya kazi: mshahara wa soko unamlinda au unamfungia mlango?

KipazaSauti (mleta mada)
Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Marekani mwajiri akitaka kumleta fundi wa sauti na video kutoka nje, hajipangii mshahara atakavyo. Wizara ya Kazi yao inamtaka alipe angalau mshahara wa soko, yaani kile wanacholipwa mafundi wa kazi ileile katika eneo lilelile. Kwa viza ya H-1B analipa kilicho kikubwa kati ya kima hicho na anacholipa wafanyakazi wake wengine wa nafasi hiyo. Kwa anayefuata kadi ya kijani kupitia PERM, yaani utaratibu wa Wizara wa kuthibitisha kwamba hakuna Mmarekani wa kuijaza nafasi hiyo, mwajiri anaomba kwanza kima kwa fomu 9141 na haruhusiwi kushuka chini yake.

Msimamo wangu: kanuni hii inawafungia mlango mafundi wetu. Kampuni ndogo ya harusi na makongamano haitamlipa mgeni, ambaye haijamwona kazini, sawa na mwenyeji. Kima cha chini kingeshushwa, vijana wengi wa Dar na Mombasa wangepata pa kuanzia. Anayepinga alete hoja.

Bosi wa Ubungo
Mkuu, kwanza H-1B ni ya kazi inayodai shahada ya fani maalumu, fundi mitambo ni nadra kupita hapo. Pili tuambiane ukweli. AV, yaani kazi ya sauti na video, ni kubeba boksi, yale yenye magurudumu. Unashusha kwenye lori, unachomeka nyaya, shughuli ikiisha unapakia. Kazi ya kufundishwa wiki mbili haihitaji serikali kuilindia mshahara.

Nyaya Tatu
Wiki mbili, Bosi? Chukua maiki tatu zisizo na waya. Zipange megahezi 518.0, 518.4 na 518.8, kwa macho zimekaa vizuri kabisa. Sasa zidisha ya pili mara mbili, unapata 1,036.8. Toa 518.0. Imebaki 518.8. Yaani maiki mbili za kwanza zikiwaka pamoja na kukaribiana, zinazaa wimbi jingine linalotua juu ya maiki ya tatu. Kama ya tatu ameshika bibi harusi, itakwaruza na kukatika, na huyo wako wa wiki mbili atabadilisha betri mara nne. Betri haina kosa. Kosa ni kuacha nafasi zilizo sawa kati ya masafa. Zidisha tatizo hilo kwa maiki 24 za kongamano la hoteli, halafu urudi hapa utuambie habari za boksi.

Bosi wa Ubungo
Siku hizi mashine inapanga yenyewe. Unabonyeza skani, imeisha hiyo.

Nyaya Tatu
Skani inaona kilichopo hewani dakika ile unayoibonyeza, tena uwe umezima maiki zako kwanza, la sivyo itazihesabu kuwa ni adui. Wakija watu wa televisheni saa nane na maiki zao sita, skani yako ya asubuhi haina kazi. Lazima awepo mtu mmoja mwenye karatasi ya masafa ya ukumbi mzima, na kila anayeingia na kifaa apitie kwake. Huyo mtu ndiye anayelipwa.

Kamau wa Mitambo
Namuunga mkono Nyaya Tatu. Tena wasanii wetu wakienda na maiki zao za nyumbani wanajiingiza matatani bila kujua. Kuanzia megahezi 600 kule kumeuzwa kwa kampuni za simu, nafikiri tangu 2017.

Bi Rehani
Karibu sawa, kaka Kamau. Mnada ulikamilika 2017, lakini watu wa maiki walipewa muda hadi 13 Julai 2020. Baada ya hapo ni marufuku kutumia maiki kati ya 617 na 652, na kati ya 663 na 698. Kwa hiyo maiki ya 630 inayofanya kazi vizuri Kariakoo ni kosa kisheria ukiiwasha Atlanta, hata kama inasikika safi. Angalia kibandiko kwenye kisanduku cha kupokelea kabla hujafunga sanduku la safari.

Mwanagenzi
Na umeme je? Kule si volti 120?

Kamau wa Mitambo
Hapo ndipo wengi wanaaibika. Soketi ya kwetu ya ampea 13 kwa volti 230 inakupa karibu wati 2,990. Saketi ya Marekani ya ampea 20 kwa volti 120, ukifuata utaratibu wao wa mzigo wa mfululizo usiozidi asilimia 80, inakupa 1,920. Fundi aliyezoea kubebesha amplifaya, projekta na taa kwenye soketi moja ataangusha swichi katikati ya hotuba. Ukisikia ngurumo ya herzi 60 kwenye spika, kata pini ya ethi ya kompyuta ya mzungumzaji, inanyamaza.

Nyaya Tatu
Kamau, futa hiyo sentensi ya mwisho! Ethi haikatwi, ndiyo inayomlinda mshika maiki asipigwe na umeme. Ngurumo inakuja kwa sababu kompyuta na mikisa zimeshikwa na ethi mbili tofauti, na mkondo unapita kwenye waya wa sauti. Chomeka vyote saketi moja. Isipotulia, weka kisanduku cha DI chenye transfoma kati ya kompyuta na mikisa, ubonyeze swichi inayotenganisha ethi ya waya wa *sauti*. Wa umeme usiuguse kamwe.

Kamau wa Mitambo
Nimekubali, niliandika vibaya. Ni ethi ya waya wa sauti, kupitia DI.

Mzee wa Makaratasi
Wanangu, mmebishana ufundi hadi mada imepotea, lakini bila kujua mmegusa penyewe. Hayo mnayogombania, masafa, umeme, nani anashika karatasi, ndiyo yanayoandikwa kwenye maelezo ya kazi. Na maelezo ya kazi ndiyo yanayozaa mshahara.

Hatua ya kwanza ni namba ya kazi. Fundi wa sauti na video ni 27-4011. Wa matangazo ya redio na televisheni ni 27-4012. Wa uhandisi wa sauti ni 27-4014, wa taa ni 27-4015. Na anayefunga mitambo ukutani na kuitengeneza yuko familia nyingine kabisa, 49-2097. Kila namba ina kima chake katika kila eneo la mji. Kwa PERM na H-2B, viza ya kazi za muda, kima kinatolewa na Wizara, ila inasoma kilichoandikwa na mwajiri, si kinachofanyika ukumbini. Mwongozo wa Wizara wa 2009 unasema kazi ikichanganya fani mbili, ichukuliwe inayolipa zaidi. Mwajiri akiandika "kufunga spika na nyaya" tu, akaacha "kupanga masafa na kuendesha mikisa", ameshakata pesa kabla fundi hajapanda ndege.

Hatua ya pili ni ngazi, ziko nne. Unaanza na 1. Mwajiri akidai uzoefu au elimu kuliko kawaida ya kazi hiyo, pointi zinaongezeka. Akidai ujuzi maalumu, zinaongezeka. Akitaka fundi asimamie wengine, inaongezeka moja. Kwa hiyo Bosi anaposema ni kubeba boksi, anamwandikia fundi ngazi ya kwanza.

Bosi wa Ubungo
Mzee, shikamoo. Usiniwekee maneno. Sikusema hawana ujuzi. Nasema ngazi ya kwanza yenyewe ni kubwa mno kwa kampuni ndogo, na Trump aliipandisha hadi asilimia 45.

Mzee wa Makaratasi
Marahaba. Hiyo ya 45 ilikuwa Oktoba 2020: ngazi zilipelekwa asilimia 45, 62, 78 na 95 ya mpangilio wa mishahara, yaani 45 ni kima kinachozidi mishahara 45 kati ya kila 100. Mahakama iliibatilisha Desemba mwaka uleule kwa sababu ilitolewa bila wananchi kupewa muda wa maoni. Januari 2021 ikaja nyingine, 35, 53, 72 na 90, nayo ikafutwa Juni 2021.

Hesabu ya sheria ni hii. Ngazi ya kwanza ni wastani wa theluthi ya chini ya mishahara, ya nne ni wastani wa theluthi mbili za juu. Katikati unagawa tofauti kwa tatu. Mfano wa kuhesabia tu: ya kwanza dola 20 kwa saa, ya nne 38. Tofauti 18, gawa kwa 3 ni 6. Ya pili inakuwa 26, ya tatu 32. Umeona ngazi moja ya maandishi ina thamani gani? Dola 6 kwa saa, saa 40, ni 240 kwa wiki.

KipazaSauti (mleta mada)
Asante Mzee, lakini hujajibu swali langu. Je, hicho kima kinafanana na soko la kweli?

Bi Rehani
Hapo kuna tobo kubwa, na sijui kwa nini halisemwi. Takwimu zinatoka kwenye utafiti wa OEWS, unaouliza waajiri kuhusu watu walioko kwenye orodha ya mishahara. Waliojiajiri hawamo. Sasa fani hii imejaa mafundi wa kujitegemea wanaolipwa kwa siku! Aliyeko kwenye orodha ya kampuni ya hoteli anahesabiwa, anayezunguka na mikisa yake kwa malipo ya siku hahesabiwi. Tena malipo ya saa za ziada hayamo. Kwa hiyo mnaita mshahara wa soko wakati nusu ya soko imeachwa nje ya mlango.

Bosi wa Ubungo
Nusu umeipata wapi? Leta namba.

Bi Rehani
Neno "nusu" nalifuta, tusiligombanie. Sehemu ya soko. Hoja yangu inabaki palepale: wasiohesabiwa ni mafundi wa kujitegemea. Na fundi mitambo kwa kawaida ni mtu wa malipo ya saa, akipita saa 40 kwa wiki anadai moja na nusu, awe na viza gani. Wiki ya kongamano ni saa 60 bila taabu. Anayekuahidi "mshahara wa mwezi, saa usihesabu" anakula pesa yako.

Doha Pwani
Nyie mna kima cha kubishania. Huku Qatar tangu Machi 2021 kuna kima kimoja kwa kazi zote: riyali 1,000, na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi. Anayeendesha mikisa ya chaneli 64 na anayefagia jukwaa wana sakafu moja. Ukiwa hujui kujadiliana, ujuzi wako haupo popote kwenye sheria. Mnaotaka ngazi ishushwe, hayo ndiyo mnayoomba.

KipazaSauti (mleta mada)
Doha, sikusema iondolewe. Nilisema ishushwe.

Doha Pwani
Sakafu ukishaanza kuishusha nani atakwambia imetosha?

Kamau wa Mitambo
Kuna mlango wengine hawauoni. Msanii wa taarab au wa ngoma akienda kwa P-3, viza ya wasanii wa sanaa za utamaduni, fundi wake wa sauti anaweza kwenda kwa P-3S. Hapo hakuna mshahara wa soko kabisa. Wanataka maoni ya chama cha wafanyakazi, mkataba, ratiba ya maonyesho, na uthibitisho kwamba fundi huyo ni wa lazima kwa onyesho na Mmarekani hawezi kuishika nafasi yake kirahisi. Sasa mleta mada, huo mlango usio na kufuli, mafundi wanalipwa vizuri?

Nyaya Tatu
Wanalipwa anachobakiza promota. Mkataba unataja malazi na chakula, siku ya mazoezi haimo, siku ya safari haimo. Andikeni siku zote, hata za kusafiri, kabla ya kusaini. Na uthibitisho wa "wa lazima" unajengwa kwa mambo yaleyale ya mwanzo: anajua zeze linahitaji maiki ya aina gani, anajua ngoma ya msondo inapiga besi ya wapi. Ukiandika "msaidizi wa jukwaa", kwisha habari yako.

Mwanagenzi
Swali la mwisho kwa Mzee. Kituo cha watu wetu kule kikitaka fundi anayejua Kiswahili ili afuate kipindi cha moja kwa moja, inasaidia?

Mzee wa Makaratasi
Inasaidia mshahara, inasumbua maombi. Kudai lugha ya kigeni kwa kawaida kunaongeza pointi moja ya ngazi. Lakini kwenye PERM mwajiri atatakiwa athibitishe kwamba biashara inaihitaji kweli, mfano anayebadilisha kamera lazima afuate anachosema mtangazaji. Asiitie kama pambo.

Mwanagenzi
Na aliyekwisha kufika, atajuaje aliandikiwa ngazi gani?

Mzee wa Makaratasi
Wa H-1B anatakiwa kupewa nakala ya ombi la kazi, fomu 9035, kabla au siku ile anayoanza kazi. Kuna kisanduku cha ngazi, I hadi IV. Asipopewa, aombe jalada la wazi la mwajiri, ambalo yeyote anaruhusiwa kuliona. Wa PERM aangalie jibu la 9141, ngazi imeandikwa, na mwajiri ndiye anayelipa wakili wa hatua hiyo, si yeye. Wa H-2B hana ngazi, kima chake ni wastani wa namba yake katika eneo zima, na anatakiwa kupewa masharti ya kazi kabla hajaomba viza, kwa lugha anayoielewa.

Bosi wa Ubungo
Kwa lugha anayoielewa, yaani hata Kiswahili?

Mzee wa Makaratasi
Ndiyo, Kiswahili. Adai kwa maandishi, na asome mstari wa majukumu kabla ya mstari wa pesa.