Eti "mjusi anakanyaga maboksi"! Yule mtu jana kavuka mpaka

Mtoto wa Kalamu:
Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Mnamjua. Yule yule, ambaye kila uzi wa muvi lazima aje na gundu lake. Jana nimeweka uzi kuhusu Takeshi Kimura, mwandishi wa muvi za Kijapani za madude makubwa, nimeuandika kwa adabu zote, anakuja chini anajibu: "Kwani yale madude yana mwandishi? Si mjusi anakanyaga maboksi?"

Mjusi! Maboksi!

Rodan ya 1956 kaandika nani? Kimura, pamoja na Takeo Murata. Inaanzia mgodi wa makaa ya mawe kule Kyushu, maji yamejaa, wachimbaji wanakufa, na lawama anatupiwa mwenzao ambaye hata hayupo ajitetee. Dude lenyewe unalisubiri mpaka unasahau umekuja kuangalia nini. Mwisho mlima Aso unalipuka, Rodan mmoja anaangukia motoni, Rodan mwenzake anamfuata. Mimi pale hulia kila mara. Halafu mtu anakuambia mjusi!

Na muvi ya Matango ya 1963? Watu saba, yati imeharibika, kisiwa hakina chakula, wanakula uyoga, wanageuka uyoga. Mjusi yuko wapi humo? Katikati ya miaka ya 60 Kimura akaanza kuandikwa kwa jina la Kaoru Mabuchi, kazi ikaendelea, Destroy All Monsters ya 1968 ni yake na mwongozaji Ishiro Honda. Maboksi! Na emoji za kucheka kaweka!

Baba Mdogo:
Mleta mada kunywa maji kwanza.

Chuma Kizee:
Ila mkuu, tuseme ukweli, si mjusi?

Mtoto wa Kalamu:
RODAN ANA MABAWA! Mjusi gani anaruka?

Chuma Kizee:
Wapo, misitu ya Asia huko. Tafuta.

Dada wa Bara:
Mnamlilia Kimura aliyenuna miaka yote, Shinichi Sekizawa hamumtaji. Mothra ya 1961 nani kaandika? King Kong vs. Godzilla ya 1962 je? Bosi wa kampuni ya dawa anatafuta jitu la kumtangazia biashara kwenye TV. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mtoto wa Kalamu:
Dada, anzisha uzi wako.

Pweza Mkavu:
Umecheka kwa sababu umeona ya Kijapani. Wamarekani walivyoipokea, 1963 wakaitoa imekatwakatwa, wakachomeka mtangazaji wa habari anayetuelezea tunachokiona kwa macho yetu, na muziki wa Akira Ifukube karibu wote wakautupa. Hao ndio wa kufunguliwa uzi!

Baba Mdogo:
Heri nyie mlipata mtangazaji. Banda la video la kwetu mtafsiri alisema King Kong ni mjomba wake Godzilla, wanagombea shamba.

Dada wa Bara:
Mjomba? Kwetu alikuwa shemeji!

Chuma Kizee:
Mlikuwa mnafika mwisho? Sisi tulikuwa tunatolewa nje katikati ili waingie waliolipa upya. Nauli ya kurudi nimeshakula karanga.